Queen Bila ya Freddie: Jina la Bendi ni la Nani?

Mwimbaji mashuhuri anapofariki dunia, bendi yake hubaki na vitu vitatu: vyombo, nyimbo na jina. Vyombo vyaweza kununuliwa vyengine, na nyimbo zaweza kufundishwa watu wengine wakaziimba. Ubishi mkubwa aghalabu huwa juu ya jina. Je, waliobaki wanayo haki ya kuendelea kulitumia? Na wakimweka mtu mwengine mahali pa marehemu, kisha wakatoa nyimbo mpya, kazi hiyo ihesabiwe kuwa ni ya bendi ile ile, au ni ya bendi mpya iliyovaa kanzu ya zamani?

Suala hili latuhusu sisi watu wa visiwani kwa njia mbili. Kwanza, mojawapo ya mabishano makubwa ya namna hii katika muziki wa roki lilitokea juu ya nafasi ya mtu aliyezaliwa hapa Unguja. Pili, vikundi vyetu vya taarab, ambavyo kimoja wapo kina umri wa zaidi ya miaka mia moja, vimekuwa vikikabiliwa na suala hilo hilo kizazi baada ya kizazi. Kwa sababu hiyo tumeona ni vyema leo tulieleze jambo hili kwa urefu, tuwasikilize mashabiki wa ng'ambo walisema nini, kisha tujitazame wenyewe.

MZALIWA WA UNGUJA

Farrokh Bulsara, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa mjini Unguja tarehe 5 Septemba, 1946. Wazazi wake walikuwa Waparsi, watu wa dini ya Zoroasta wenye asili ya Bara Hindi, na baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Angali mtoto mdogo alipelekwa katika skuli ya bweni huko Panchgani, India, na huko ndiko alikopiga piano na kuunda kikundi cha muziki pamoja na wanafunzi wenzake. Alirejea Unguja alipokuwa kijana, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, yeye na jamaa zake walihamia Uingereza.

Mwaka 1970, mjini London, aliungana na mpiga gita Brian May na mpiga dramu Roger Taylor, wakaanzisha bendi ya Queen. Mwaka uliofuata aliingia John Deacon, mpiga gita la besi. Watu wanne hao hawakubadilika kwa muda wa miaka ishirini, jambo ambalo ni nadra katika bendi za roki. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1973. Wimbo wao "Bohemian Rhapsody" wa mwaka 1975 uliwapandisha juu ya wenzao, na onyesho lao fupi katika uwanja wa Wembley tarehe 13 Julai, 1985, siku ya tamasha la Live Aid la kuwachangia wenye njaa wa Ethiopia, hutajwa hata leo kuwa ni miongoni mwa maonyesho bora kabisa yaliyopata kufanywa na bendi yoyote.

Yafaa msomaji akumbuke jambo moja ambalo litakuja kutusaidia mbele. Katika Queen, wote wanne walikuwa watunzi. Freddie alitunga "Bohemian Rhapsody" na "We Are the Champions". Lakini "We Will Rock You" ni wimbo wa May, "Radio Ga Ga" ni wa Taylor, na "Another One Bites the Dust" ni wa Deacon. Sauti iliyosikika mbele ilikuwa ya mtu mmoja, bali kalamu zilikuwa nne.

Freddie alifariki mjini London tarehe 24 Novemba, 1991, naye ana umri wa miaka 45. Siku moja kabla ya hapo alikuwa ametangaza hadharani kwamba anaugua UKIMWI.

WALIOBAKI WALIFANYA NINI

Miezi mitano baadaye, tarehe 20 Aprili, 1992, wenzake watatu walifanya tamasha la kumkumbuka katika uwanja ule ule wa Wembley. Waimbaji wengi wenye majina makubwa walipanda jukwaani mmoja baada ya mwengine kuziimba nyimbo zake. Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa ile ilikuwa ni kama hitima: kila mtu alijua kwa nini amekuja. Mwaka 1995 ikatoka albamu iitwayo Made in Heaven, ambayo ndani yake wenzake walizichukua sauti alizorikodi Freddie katika uhai wake wakazipigia muziki mpya. Hiyo nayo ilipokewa vizuri, kwa sababu sauti ilikuwa ni yake mwenyewe. Mwisho wa miaka hiyo ya 1990 John Deacon alijiondoa kabisa katika muziki na kukaa kimya nyumbani kwake. Waliobaki wakawa wawili, May na Taylor.

Mwaka 2004 wawili hao walikutana jukwaani na Paul Rodgers. Huyu hakuwa kijana wa kuokotwa njiani. Alizaliwa kaskazini ya Uingereza mwaka 1949, akapata sifa na bendi ya Free, hasa kwa wimbo "All Right Now" wa mwaka 1970, kisha akaongoza uimbaji wa bendi ya Bad Company tangu 1973. Sauti yake ni nzito, yenye asili ya bluzi, na wataalamu wengi wa muziki wa roki humhesabu kuwa ni mmoja wa waimbaji bora wa zama zake. Mwaka 2005 walianza ziara kubwa, nao walichagua kujiita "Queen + Paul Rodgers", wakiweka alama ya kujumlisha katikati ya majina mawili. Katika maonyesho hayo waliimba nyimbo za Queen, na pia nyimbo za Rodgers mwenyewe kutoka bendi zake za zamani.

Mpaka hapo mabishano hayakuwa makali. Yaliwaka walipoingia studio. Mwezi Septemba 2008 watatu hao walitoa albamu ya nyimbo mpya, iitwayo The Cosmos Rocks, waliyoirikodi katika studio ya Taylor mwenyewe huko Surrey. Deacon hakuwamo, gita la besi walilipiga wenyewe kwa wenyewe. Albamu hiyo ilikuwa ya kwanza ya studio yenye jina la Queen tangu ile ya 1995, na ya kwanza katika historia ya bendi hiyo ambayo ndani yake haimo sauti ya Freddie.

MASHABIKI WALIGAWIKA

Ukiyakusanya maoni yaliyotolewa na mashabiki tangu mwaka ule hadi leo, utaona kwamba yamegawika katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni la wale waliokataa katakata. Hawa walisema kwamba Queen ilikwisha tarehe 24 Novemba, 1991, na kwamba kila kilichofuata, ila kile chenye sauti ya marehemu, ni jina tu linalouzwa. Wengi wao hawakumchukia Rodgers. Walisema tu kwamba ikiwa May na Taylor wanataka kupiga muziki pamoja naye, basi na watafute jina jengine. Hoja yao nzito ilikuwa juu ya Deacon: kama katika watu wanne wamebaki wawili, vipi nusu iitwe nzima?

Fungu la pili ni la waliosema kwamba jina haliwahusu, wanachotaka ni kusikiliza. Hawa waliipima albamu kama ilivyo. Waliona kwamba gita la May bado lina mlio ule ule unaotambulika kwa mpigo mmoja, kwamba Rodgers anaimba kwa utulivu wa mtu mzima, na kwamba nyimbo kama "We Believe", "Small" na "Some Things That Glitter" zina uzuri wake. Kwa maoni yao, lau albamu hiyo ingetoka kwa jina jengine, ingesifiwa kwa haki yake, na kosa lake kubwa lilikuwa ni kupimwa kwa mizani ya "Bohemian Rhapsody".

Fungu la tatu, na pengine ndilo kubwa zaidi, ni la waliosema: jukwaani ndiyo, studioni hapana. Kuziimba nyimbo za zamani mbele ya watu, walisema, ni kuzifufua. Na walio vijana, ambao hawakuwahi kumwona Freddie akiwa hai, wanapata angalau kumwona May na Taylor kwa macho yao. Lakini albamu mpya ni madai ya namna nyengine. Inadai kwamba bendi bado inaishi na inazaa. Wakaisikiliza kwa sikio la kutafuta, wasipate kile walichokuwa wakikitafuta: ucheshi, mbwembwe za kitamthilia, sauti nyingi zilizopandana, na ule ujasiri wa Freddie wa kuchanganya opera na roki bila ya kuomba ruhusa. Walichokipata ni roki iliyonyooka ya bluzi, ambayo ni fani ya Rodgers tangu ujanani.

Fungu la nne ni la wachache, lakini hoja yao yastahiki kusikilizwa. Hawa walisema kwamba kilichokosekana zaidi si sauti bali ni kalamu. Sauti, walisema, hukodiwa. Lakini nyimbo za Queen zilikuwa kubwa kwa sababu watunzi wanne walikuwa wakishindana na kukosoana, na sasa kalamu mbili katika hizo hazipo. Hata angepatikana mwimbaji wa kumwiga Freddie herufi kwa herufi, albamu ingekuwa na upungufu ule ule. Sisi tunaona kwamba fungu hili ndilo lililogusa kiini cha jambo.

Matokeo ya sokoni yalikuwa ya wastani. Nchini Uingereza albamu ilifika nafasi ya tano katika orodha ya mauzo, kisha ikashuka upesi; huko Marekani haikuingia hata arobaini za mwanzo. Maonyesho, kinyume chake, yalijaa watu. Ziara ya mwaka huo ilianzia Kharkiv, nchini Ukraine, tarehe 12 Septemba, 2008, katika onyesho la kupambana na UKIMWI lililohudhuriwa na umati mkubwa mno, na ikamalizikia Amerika ya Kusini mwezi Novemba. Mwaka uliofuata, 2009, Rodgers na wenzake waliagana bila ya ugomvi.

KWA NINI WENGINE WALIFAULU

Mtu ataweza kuuliza: mbona bendi nyengine zilibadilisha waimbaji na mashabiki wakaridhia? Bendi ya AC/DC ilifiwa na mwimbaji wake, Bon Scott, mwezi Februari 1980. Mwezi Julai mwaka ule ule ilitoa albamu ya Back in Black ikiwa na mwimbaji mpya, Brian Johnson, na albamu hiyo imekuwa miongoni mwa zilizouzwa kwa wingi kabisa duniani. Bendi ya Genesis iliachwa na Peter Gabriel mwaka 1975. Mpiga dramu wake, Phil Collins, akashika uimbaji, na bendi ikawa maarufu kuliko kabla. Black Sabbath nayo, ilipomwondoa Ozzy Osbourne, ilimwingiza Ronnie James Dio, na albamu ya Heaven and Hell ya 1980 yapendwa hadi leo, ijapokuwa wako wanaosema kwamba ile ilikuwa ni bendi nyengine.

Tofauti zao na Queen ni mbili. Ya kwanza ni muda. AC/DC walingoja miezi mitano. May na Taylor, tangu kufiwa mpaka kutoa albamu ya nyimbo mpya bila ya sauti ya mwenzao, walingoja takriban miaka 17. Katika muda huo Freddie alikwisha toka katika daraja ya mwimbaji akaingia katika daraja ya hadithi, na mtu aliye hai hashindani na hadithi akashinda. Ya pili ni kwamba katika bendi zile watunzi wakuu walikuwa wangalipo. Ndugu wawili Angus na Malcolm Young, waliokuwa nguzo ya utunzi wa AC/DC, walibaki palepale. Tony Iommi, ambaye gita lake ndilo uti wa mgongo wa Black Sabbath, hakuondoka. Jina lilibaki kuwa kweli kwa sababu kiwanda kilikuwa bado kinafanya kazi.

Yaliyofuata baadaye yalithibitisha maneno ya fungu la tatu. Tangu mwaka 2012 May na Taylor wamefanya ziara nyingi pamoja na kijana wa Kimarekani, Adam Lambert, nao wakajiita "Queen + Adam Lambert", kwa alama ile ile ya kujumlisha. Lambert amekuwa akisema wazi jukwaani kwamba yeye si Freddie wala hataki kuwa Freddie. Hawakutoa pamoja naye albamu ya nyimbo mpya za studio. Walitoa za maonyesho, na ile ya mwaka 2020 ilishika nafasi ya kwanza nchini Uingereza. Mashabiki walewale walioikataa albamu ya 2008 wengi wao walinunua tiketi. Walikubali kukumbushwa, hawakukubali kubadilishiwa.

TUJITAZAME SISI

Sasa tuje nyumbani. Kikundi cha Ikhwani Safaa kiliasisiwa hapa Unguja mwaka 1905. Hakuna hata mmoja katika waasisi wake aliye hai, wala katika waliowafuatia, na waliokuja baada ya hao nao wengi wamekwisha tangulia mbele ya haki. Hata hivyo jina liko, na hakuna anayesema kwamba ni jina la bandia. Culture Musical Club nayo, ambayo chanzo chake ni mwaka 1958, imezika waimbaji na wapigaji wengi, na ingali ikipiga.

Kwa nini taarab imeweza jambo ambalo roki imeshindwa? Jawabu, kwa maoni yetu, ni kwamba vikundi vyetu vilijengwa kama jumuiya, havikujengwa juu ya uso wa mtu mmoja. Mshairi hutunga, mwengine hutia sauti, mwimbaji huimba, na wapiga fidla, kanuni, udi na nai huwa wengi nyuma yake. Kijana huingia akiwa mwanafunzi, hukaa kando ya mkubwa wake miaka kadhaa, na siku mkubwa anapoondoka, kiti hakibaki kitupu. Hata Siti binti Saad, ambaye sauti yake ilirikodiwa Bombay mwaka 1928 na kuuzwa katika pwani yote ya Afrika Mashariki, hakuondoka na nyimbo zake alipofariki mwaka 1950. Baadhi yake ziliendelea katika kinywa cha Bi Kidude mpaka naye alipofariki mwaka 2013. Hakuna aliyemwambia Bi Kidude kwamba amevaa kanzu ya mtu mwengine. Watu walielewa kwamba anapokea na kupokeza.

Lakini tusijisifu kupita kiasi. Utaratibu huo wa kurithishana unahitaji mambo ambayo hayaji wenyewe. Unahitaji walimu wanaolipwa, vijana wenye mahali pa kujifunzia, na rikodi za zamani zilizohifadhiwa ili mwanafunzi apate kusikia mkubwa wake aliimba vipi. May, Taylor na Deacon waliweza kutoa albamu ya 1995 kwa sababu kanda alizoziimba Freddie zilikuwa zimewekwa, na zaweza kupatikana. Sisi tujiulize kwa dhati: mwimbaji wetu akifariki leo, tunazo kanda zake ngapi, ziko wapi, na ziko katika hali gani?

Kwa hiyo twapenda kuwakumbusha wanaohusika katika Serikali mambo matatu. La kwanza, kanda za taarab zilizorikodiwa na redio yetu tangu miaka ya 1950 ni mali ya umma. Zinastahiki kuorodheshwa, kuhamishwa katika mitambo ya kisasa na kuwekwa nakala zaidi ya moja, kabla ya joto na unyevu wa bahari havijamaliza kazi. La pili, haki ya mtunzi isimamiwe. Mabishano ya Queen yametufunza kwamba kalamu ina thamani sawa na sauti, lakini kwetu mshairi ndiye wa mwanzo kusahauliwa pesa zinapogawiwa. La tatu, mafunzo yasaidiwe. Chuo cha muziki wa nchi za jahazi kilichofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002 kimekwisha onyesha kwamba vijana wako tayari kushika udi na kanuni. Wanachongoja ni kushikwa mkono.

Limebaki la Freddie mwenyewe. Visiwani humu maoni juu yake hayajawa mamoja. Mwaka 2006, ilipotimia miaka 60 tangu kuzaliwa kwake, sherehe iliyokuwa imepangwa mjini iliachwa baada ya kupingwa na jumuiya ya kidini iliyoona kwamba mwenendo wa maisha yake haukubaliani na mafunzo ya Uislamu. Mwaka 2019 makumbusho ndogo ya watu binafsi ilifunguliwa Shangani, na wageni wanaingia kila siku kwa tiketi. Hatukusudii hapa kuamua kati ya wanaomtukuza na wasiotaka kumsikia. Kila upande una dhamiri yake. Tunachosema ni kwamba historia haifutwi kwa kunyamaza. Alizaliwa hapa, na alifariki kwa maradhi ambayo yamewazika wengi kwetu pia, mara nyingi katika kimya na aibu. Siku ile moja ya mwisho alipoamua kulitamka jina la maradhi yake alifanya jambo ambalo wagonjwa wetu wengi bado wanaogopa kulifanya, na hilo peke yake lafaa kuelezwa kwa vijana.

Ama kuhusu suala tulilolianzia, la jina ni la nani, rai yetu ni hii. Jina la bendi ni la kazi, na kazi ni ya wale wanaoiendeleza kwa ukweli. Waliobaki wana haki ya kuimba, na hata ya kujaribu jambo jipya likashindwa, maadamu hawamdanganyi msikilizaji kwamba aliyeondoka hakuondoka. Ile alama ndogo ya kujumlisha waliyoiweka May na Taylor mbele ya jina la mgeni wao ilikuwa ni uungwana. Ilisema wazi kwamba huyu ameongezwa, wala hakuchukua nafasi ya mtu. Vikundi vyetu, vinapopokea waimbaji wapya, navyo viwataje wakubwa waliotangulia kila onyesho linapofunguliwa, na viwape wapya nafasi ya kuimba kwa sauti zao wenyewe.